Bustani ya Shimo la Matofali

Nyumba ya marehemu Mzee Hashimu, pale Mlola, ilijengwa kwa matofali ya kuchoma, na udongo wa matofali hayo yote ulitoka katika shimo moja nyuma ya jiko. Lilikuwa shimo pana, unaweza kuandalia harusi ndani yake, na mtu akisimama chini huwezi kuiona hata kofia yake. Kuta zake zilikuwa udongo mwekundu mtupu, umekauka na kupasuka. Hapakuota kitu. Kuku walishuka kuparura, na watu wa nyumbani walitupa humo vitu vilivyokwisha kazi: kandambili zilizokatika, ndoo zilizotoboka, magunzi ya mahindi.

Nasra alipoletwa hapo kutoka Mombo, bibi harusi wa Selemani, shimo hilo ndilo aliloliona asubuhi alipofungua dirisha la chumba chao.

"Hapa mbona hampafukii?" alimwuliza mumewe.

Selemani alikuwa anafunga kamba za viatu. Alikuwa dereva wa fuso, akishusha kabichi na karoti kutoka Soni kwenda Dar es Salaam, na nyumbani alionekana mwisho wa wiki tu. "Mama hataki paguswe," alisema. "Achana napo."

Nasra alitaka kuachana napo, lakini hakuweza. Yeye alizaliwa chini ya mlima, Mombo, kwenye joto, ambako maji ni ya kupanga foleni na mama yake alilea mashina machache ya mchicha ndani ya tairi bovu la lori. Utotoni kila alipoinua macho aliyaona mawingu yamekalia milima ya Usambara, akaamini kwamba huko juu mtu akitupa mbegu nyuma ya mgongo wake, akigeuka anakuta imeota. Siku aliyoambiwa ataolewa huko, jambo la kwanza alilowaza, kabla hata ya nguo, lilikuwa bustani.

Sasa alikuwa huko juu, na hapakuwa na nafasi. Mteremko wote wa familia ulikuwa na viazi na maharage ya mama mkwe wake, Bi Fatuma, na kila tuta lilikuwa na kazi yake. Bi Fatuma alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya kulima. Akiwa na jirani zake alizungumza Kishambaa kutwa nzima, akicheka na kupiga makofi. Akimgeukia Nasra alihamia Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutoa maagizo. Hakumwita kwa jina. Alimwita "mke wa Selemani".

Ikabaki sehemu moja tu ambayo hakuna aliyeitaka.

"Shikamoo mama," Nasra alisema asubuhi moja, akapiga goti mlangoni pa jiko.

"Marahaba."

"Naomba kupanda bustani shimoni."

Bi Fatuma aliacha kumenya viazi. "Pale hapafukiwi."

"Sitafukia, mama. Nitapanda tu."

Yule mama akacheka kidogo puani. "Panda. Pale hata magugu yalikataa."

Nasra aliokota takataka zote, akazichoma. Alivunja sakafu ya shimo kwa sululu mpaka viganja vikatoka malengelenge, akashusha samadi ya mbuzi kwa karai, akachanganya na majivu. Aliyemsaidia kwa maneno na kwa mbegu alikuwa jirani wa ng'ambo ya njia, Mama Edgar, mwanakwaya wa Kilutheri ambaye uwanja wake ulikuwa na maua mengi kuliko uwanja mwingine wowote upande ule. Alimpa vipande vya waridi, na vipande vya yale maua ya buluu yanayochanua kwa mafungu makubwa kama kichwa cha mtoto. Mvua za kwanza za Machi zilipodondoka, Nasra alikuwa amekwisha panda. Vikaota. Sukuma wiki, vitunguu, hoho, kila kitu kilitoa masikio yake madogo ya kijani kwenye udongo mwekundu, naye akawa anashuka asubuhi kabla ya kuwasha moto ili tu kuvitazama.

Halafu masika yakafunguka.

Mvua ilinyesha bila kupumua. Maji yalishuka kutoka mashamba ya juu, yakaifuata njia ya miguu, yakaikata kona ya nyumba, na yote, kana kwamba yameelekezwa, yakaingia shimoni. Ilipotulia, bustani haikuwepo. Palikuwa na bwawa la rangi ya chai ya maziwa, na bata wa jirani walikwisha lijua, wakawa wanaogelea juu ya sukuma wiki za Nasra.

Wanawake wa jirani walisimama ukingoni na Bi Fatuma wakiwatazama bata. Walisema kitu kwa Kishambaa, wakacheka mpaka mmoja akajishika kiuno. Nasra hakuelewa maneno, lakini kicheko alikielewa. Aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akalia.

Bi Fatuma alimfuata. Hakumbembeleza. Alisukuma kuni ndani ya mafiga, akakaa upande wa pili wa moto, na kwa mara ya kwanza akazungumza naye bila kuagiza.

"Mzee Hashimu alilichimba shimo lile kwa mikono yake," alisema. "Alikanyaga udongo kwa miguu, akafyatua, akachoma. Mimi nilikuwa namshushia uji mle chini, naye ananiambia, 'Fatuma, nyumba yako hii hapa, bado imelala tu ardhini.' Nyumba ilipokwisha hakuikalia sana. Akaniacha. Watu waliniambia nifukie, mtoto asije akatumbukia. Nilikataa. Nikilitazama shimo lile namwona amesimama na jembe lake. Sasa leo nimewaona bata."

Nasra alifuta macho. "Nisamehe, mama."

"Hujakosa. Pumzika na shimo, mke wa Selemani. Viazi vinataka kupaliliwa."

Akapumzika. Alipalilia viazi, akavuna maharage, akajifunza kuamkia kwa Kishambaa mpaka wazee wakawa wanamsimamisha njiani ili wamsikie akikosea. Bwawa lilipungua pole pole. Mwezi wa sita, baridi ilipokuwa kali na ukungu haunyanyuki mpaka karibu na adhuhuri, maji yaliisha kabisa. Nasra alishuka kung'oa mashina yaliyooza, apasafishe kabla mama mkwe hajaudhika tena.

Mguu wake ulizama. Akauvuta, ukatoka mweusi.

Aliinama, akaingiza mkono kwenye tope. Lilikuwa laini, zito, na jeusi kama masizi ya chungu. Alichimba mpaka kiwiko ndipo akaufikia udongo mwekundu wa zamani. Alinusa kiganja chake. Kilinuka majani yaliyooza, kilinuka msitu. Nasra alipanda juu mbio, mikono imejaa tope, akavuka njia.

"Mama Edgar! Njoo uone!"

Mama Edgar alishuka naye, akalivunja donge moja kwa vidole, akaguna.

"Hii ni mboji ya mashamba yetu," alisema. "Ya kwangu imo, ya kina Rubeni kule juu imo, na ya msituni imo. Kila masika tunapiga kelele kwamba mvua inatuibia udongo. Kumbe mwizi anauficha kwako!"

"Masika yajayo si yatauchukua tena?"

"Maji ya haraka huchukua. Ukiyatembeza taratibu, yanaacha." Alimpiga bega. "Wewe ulipanda shimoni ukasahau kwamba shimo lina mgeni wake. Mgeni humzuii. Mfungulie mlango wa kuingilia na wa kutokea."

Usiku ule Nasra hakulala vizuri kwa furaha. Aliiona bustani yote kichwani. Kuta za shimo zingekatwa ngazi pana za kupandia, moja chini ya nyingine, kila ngazi imekingwa kwa mawe ya mtoni ili udongo usiporomoke. Maji yangeingilia juu, yashuke kutoka ngazi hadi ngazi, na chini kabisa yatoke kwa mfereji, yaende kwenye migomba ya mteremkoni. Lakini ili yatoke, ukuta wa chini wa shimo ulipaswa kutobolewa, na hilo si jambo la kufanya kwa siri katika uwanja wa mtu.

Alimweleza Selemani aliporudi Ijumaa. Selemani alijikuna kichwa. "Kamwambie mwenyewe," alisema. "Mimi mama ananitisha."

Akaenda. Bi Fatuma alisikiliza mpaka mwisho, ungo wa maharage magotini. Kisha aliinuka, akatangulia kwenda ukingoni, akaonyesha kwa kidole pembe ya kulia. Pale ukutani palikuwa na vidaraja vilivyochongwa kwenye udongo, vimelika, vinaonekana kwa shida.

"Pale ndipo alipokuwa akipandia na matofali begani," alisema. "Hapo usiguse. Kwingine kata utakavyo."

Kazi ile ilikula miezi ya kiangazi yote. Nasra alibeba mawe kutoka kijitoni, moja moja kichwani, mengine akiyaviringisha kwa mtarimbo. Selemani, alipoona mama yake hakasiriki, alivua shati, akautoboa ukuta wa chini kwa sululu, Jumamosi hadi Jumamosi, mpaka mwanga wa upande wa migombani ukapenya. Walipofika kwenye vidaraja vya Mzee Hashimu, Nasra alivizungushia mawe bila kuvikwangua. Watu waliopita njiani walisimama kuuliza wanajenga nini. Mmoja aliuliza kama ni kaburi la tembo. Bi Fatuma, aliyekuwa anaanika nguo, alimjibu kwa Kishambaa, maneno machache tu, na yule mtu akaendelea na safari yake bila kucheka.

Wakapanda. Ngazi za juu, penye jua, Nasra aliweka nyanya, hoho na waridi. Katikati akapanda karoti, spinachi, vitunguu na maua ya dalia ya rangi tatu. Chini, penye ubaridi, yakakaa yale maua ya buluu ya Mama Edgar, na mchaichai kando ya mfereji. Pembeni ya vidaraja alipanda mche wa plamu. Vuli ilichelewa. Alimwagilia kwa ndoo, asubuhi na jioni, shingo ikauma, na mimea ikaishi, ingawa ilikuwa ya vumbi na imejikunja, kama watu wanaosubiri basi ambalo halijulikani kama litakuja.

Mvua ilikuja Jumamosi mchana. Kwanza upepo ulipita ukigeuza majani ya migomba, kisha ukungu ukaizima milima yote ya upande wa Lushoto, kisha bati likaanza kupigwa. Nasra, Selemani na Bi Fatuma walisimama kwenye baraza la jiko. Mvua ilizidi. Njia ya miguu iligeuka mto mwekundu, ukaikata kona ya nyumba kama masika yale, ukaingia shimoni.

"Inapokelewa," Selemani alisema, akinyoosha shingo. "Angalia, inapokelewa!"

Kweli, maji yaliingia kwenye ngazi ya kwanza, yakaenea, yakafurika ukingo wa mawe, yakashuka ya pili. Lakini Nasra alikuwa anatazama chini. Maji ya chini hayakuwa yakitoka. Yalikuwa yanapanda. Yakafika kwenye mchaichai. Yakaanza kuyameza maua ya buluu.

"Mfereji umeziba!"

Aliruka barazani, akachukua jembe. "Mke wa Selemani, utaanguka!" Bi Fatuma alipiga kelele, lakini Nasra alikwisha zunguka shimo, akateremka upande wa migombani, akiteleza, akikalia matope, akiinuka. Selemani akamfuata. Kwenye mdomo wa mfereji tawi kubwa la mkaratusi lilikuwa limekwama, limekusanya majani na magunzi kama zizi. Nasra aliingiza jembe, akavuta. Halikutoka. Selemani akalishika tawi kwa mikono miwili, akakanyaga ukuta.

"Vuteni kwa pamoja!"

Waliinua vichwa. Bi Fatuma alikuwa amesimama juu ukingoni, kiroba cha mbolea kichwani kama kofia ya mvua, maji yanamchuruzika. "Mnavuta kila mtu na wakati wake, kama mbuzi wawili! Nasra, shikilia pale kwenye kifundo! Haya, moja! Sasa!"

Wakavuta kwa pamoja. Tawi likang'oka ghafla, wote wawili wakaanguka chali, na maji yakapita juu yao kwa kishindo, mekundu, yenye povu, yakaingia migombani yakatandazika. Nasra aliketi kwenye tope, anatema matope, anacheka. Alikuwa amesikia. Selemani naye alikuwa amesikia.

"Kakuita Nasra," alisema.

Mvua ilinyesha kwa muda, kisha ikachoka. Ikawa manyunyu, ikawa matone ya paa. Mawingu yalipasuka upande wa magharibi, na jua la alasiri likapenya chini yake, limelala, la dhahabu, likaimulika bustani.

Nasra alipanda mpaka ukingoni, akasimama kando ya mama mkwe wake.

Hakuna mmea ulioondoka. Ngazi zote zilikuwa zimesimama, mawe yameoshwa yakawa meusi yanayong'aa, na juu ya kila ngazi udongo mpya ulikuwa umelala laini. Majani ya spinachi yalikuwa mapana, yamejaa, kila moja limebeba tone lake, na kila tone lina jua ndani. Dalia ziliinamisha vichwa kwa uzito wa maji, kisha upepo ukazigusa, zikainuka moja baada ya nyingine zikimwaga. Waridi jekundu lililokuwa limefumba asubuhi lilikuwa limefunguka. Nyanya zilizokuwa za vumbi zilionekana kama zimepakwa mafuta. Chini kabisa, pale palipokuwa bwawa la bata, maua ya buluu yalisimama ndani ya mvuke mwepesi uliokuwa unapanda kutoka ardhini, na maji safi, si mekundu tena, yalipita kando yake yakiimba kwenye mawe. Harufu ya mchaichai na ya udongo ulioshiba ilipanda mpaka ikawafikia.

Bi Fatuma alivua kiroba kichwani. Akavua kandambili. Alikwenda pembe ya kulia, akaweka mguu kwenye kidaraja cha kwanza, akashikilia jiwe.

"Mama, kumelowa," Selemani alisema.

"Nimeanza kushuka hapa kabla hujazaliwa."

Akashuka mpaka chini. Alitembea kati ya maua, akigusa hiki na kile kwa ncha za vidole, matone yakimlowesha mikono. Alikaa huko muda mrefu, mgongo wake umewaelekea. Nasra aliogopa kwamba analia, akashuka. Bi Fatuma alikuwa analia, ndiyo, lakini uso wake ulikuwa umefunguka kama wa msichana.

"Alikuwa anaongea sana, yule mzee," alisema. "Angeiona hii, leo tusingelala." Kisha akamshika Nasra mkono wenye matope, akaufumbata. "Nilikuambia magugu yalikataa hapa. Nimeyameza maneno yangu, mwanangu, na yana utamu."

Halafu akajaza kifua, akapiga kigelegele. Kiligonga kuta za shimo kikatoka nje kwa nguvu, kama kimepigwa na wanawake wengi. Mama Edgar akajibu kutoka ng'ambo ya njia kabla hajajua ni cha nini. Akaja mbio, khanga kichwani, na nyuma yake wakaja wengine, wale wale waliokuwa wamewacheka bata, na wapita njia waliokuwa wamejibanza kukwepa mvua. Wakajipanga ukingoni pande zote, wakitazama chini. Mtu mmoja akasema "Lahaula!" Baadaye wakaanza kusema wote kwa pamoja.

"Shukeni, shukeni!" Bi Fatuma aliwaita. "Mnaogopa nini? Pitieni pale. Msikanyage vitunguu!" Akawatembeza ngazi kwa ngazi kama mwenye duka. "Hapa maji yanaingilia. Hapa yanapumzika. Hapa yanatokea, leo yaliziba, wanangu hawa wawili wakayafungulia. Mume wangu alilichimba, mkwe wangu akalipanda. Wewe, acha kuchuma, uliza kwanza mwenyewe! Mwenyewe ni Nasra."

Wakamwuliza. Mmoja alitaka kipande cha waridi, mwingine mbegu za dalia. Mwanamke aliyekuwa amejishika kiuno kwa kucheka alitaka kujua kama Nasra angekuja kutazama korongo lililokuwa nyuma ya nyumba yake, kwani nalo lilikuwa linameza mvua kila mwaka. Nasra alijibu kwa Kishambaa chake cha kukosea, wakacheka tena, naye safari hii akacheka nao. Mama Edgar alikuwa ameinama juu ya maua ya buluu, akisema yamemshinda hata ya kwake, na kwamba hilo halitasemwa kanisani.

Nasra alikuwa amelowa mpaka mifupa na alikuwa na njaa. Alichutama kwenye ngazi ya katikati, akashika majani ya karoti moja, akaivuta. Ilitoka bila ubishi, ndefu, ya rangi ya machungwa, udongo mweusi umeishikilia. Aliiosha kwenye maji yaliyokuwa yanapita, akaivunja vipande vitatu. Kimoja akampa mumewe, kimoja akampa mama. Chake akakiuma pale pale, katikati ya watu, na mlio wake ukasikika mpaka juu.